Kalipa ya Hilux kwenye Datsun 240Z: pale pistoni nne zinapolingana na mbili

Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, ukaulizia kalipa za mbele (vibanio vya breki, ambavyo pistoni zake hubana diski ya gurudumu) za Hilux 4x4 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, muuzaji atakuuliza mwaka wa gari na kama unataka zote mbili au upande mmoja. Mwambie unazitaka kwa ajili ya Datsun 240Z, uone atakavyokutazama. Pikapu ya kubebea mawe na gari la michezo la milango miwili vimekutana wapi?

Vimekutana kwenye matundu mawili ya bolti. Kalipa ya Toyota yenye maandishi S12+8 yaliyochomoza kwenye chuma chake hukaa pale pale ilipokuwa kalipa ya kiwandani ya 240Z, juu ya diski ile ile, bila bamba la kuunganishia na bila kuchomelea. Kinachokatwa ni kile kibati cha kukinga vumbi nyuma ya diski, maana mwili wa kalipa ya Toyota ni mnene zaidi. Wenye 240Z huko Marekani na Australia wamekuwa wakifanya hivyo kwa miongo kadhaa, na mpaka leo wawili wakibishana kuhusu breki za gari hilo, jina la Hilux halichelewi kutajwa.

Nimeuchukua mfano huu kwa sababu ndio mwepesi kuliko yote ya aina yake. Kalipa ya kampuni moja inaingia kwenye gari la kampuni nyingine kama imezaliwa humo. Na bado, ndani ya wepesi huo yamejificha karibu maswali yote yanayowatoa jasho wanaofunga kalipa za Brembo za Mitsubishi Evolution kwenye gari jingine, au kalipa za Porsche kwenye Volkswagen.

Gari lenyewe wazee wa Afrika Mashariki wanalijua. Nissan iliitoa 240Z mwishoni mwa 1969: injini ya silinda sita, lita 2.4, uzito wa tani moja na kidogo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally. Mwaka 1973 ikashinda tena, mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Na ushindi huo ulikuwa wa roho mkononi, kwa sababu Mehta alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Leo 240Z bado zinatimua vumbi kwenye East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani. Kwa breki, kiwandani iliwekewa diski za mbele za milimita 271, unene wa milimita 12.5, chuma kitupu kisicho na njia za hewa katikati, na kalipa ya pistoni mbili zinazotazamana. Nyuma ni dramu, yaani ngoma inayobanwa kwa ndani na viatu vya breki. Mwaka 1970 hizo zilikuwa breki za kujivunia.

Kwa nini basi mtu azitoe?

Jibu la haraka utakalolisikia gereji ni hili: "Hii ina pistoni mbili, ile ina nne." Kana kwamba breki ni ng'ombe, mwenye wengi ndiye tajiri. Jibu hilo lina kasoro mbili, na kila moja inafaa kufunguliwa peke yake.

Tairi ndiyo mwamuzi

Gari linasimamishwa na msuguano wa tairi na barabara. Kazi ya kalipa ni kuibana diski mpaka tairi ifike ukingoni mwa uwezo wake wa kung'ang'ania lami. Ukivuka ukingo huo gurudumu linafunga: halizunguki tena, linaburuzwa. Sasa tafuta mahali pa wazi pasipo na watu, lami kavu, mwendo wa wastani, ukanyage breki kwa nguvu zako zote. Magurudumu ya mbele yamefunga? Kama yamefunga, breki ulizo nazo tayari zina nguvu ya kuishinda tairi. Kalipa kubwa zaidi haitapunguza hata hatua moja kwenye umbali wa kusimama mara hiyo moja. Tairi mpya nzuri zitapunguza, tena kwa bei inayokaribiana.

Watu hawapendi kuambiwa hili. Wameshaona rangi nyekundu nyuma ya rimu za jirani. (Kuna hata vifuniko vya plastiki vyekundu vya kubandika juu ya kalipa ya kawaida ili ionekane Brembo. Kazi yake kubwa ni kuzuia hewa isiipoze kalipa.)

Faida ya kalipa nzito inaanza kuonekana mara ya tano, ya sita, ya kumi. Ni suala la joto. Gari la kilo 1,100 likienda kilomita 120 kwa saa lina nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 610. Ukisimama, nishati hiyo yote inageuka joto, na sehemu kubwa inaingia kwenye chuma cha diski za mbele. Tuseme asilimia 70 inakwenda mbele, na kila diski ina kilo 4 za chuma: kusimama mara moja tu kunaipandisha kila diski zaidi ya nyuzi 110. Fanya hivyo mara tano mfululizo bila kuipa muda wa kupoa, kisha jumlisha mwenyewe.

Mteremko ni mkatili zaidi kwa sababu hauna mwisho unaouona. Gari hilo hilo likishuka kimo cha mita 500 kwa breki peke yake, bila msaada wa gia, breki zinapokea joto la kusimama karibu mara tisa kutoka kilomita 120. Aliyewahi kushuka mteremko wa Kitonga, Tanzania, nyuma ya lori linalonuka breki ameshainusa hesabu hiyo.

Joto likizidi, vitu viwili vinakuangusha. Cha kwanza ni pedi, vile vipande ambavyo kalipa huvikandamiza kwenye diski: kila pedi ina kiwango cha joto ambacho ikikipita inaanza kuteleza juu ya diski badala ya kuuma, na pedali inabaki ngumu lakini gari halipungui mwendo. Cha pili ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, na DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, viwango vya chini vinashuka hadi 140 na 155. Mtu wa Tanga au Mombasa, kwenye hewa ya pwani, aliyekaa na mafuta yale yale miaka mitano, asishangae siku pedali itakapozama hadi sakafuni. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Kubadilisha mafuta hayo ndilo boresho la breki la bei ndogo kuliko yote, na ni nadra kusikia likitajwa pale watu wanapoongelea kalipa.

Kwa hiyo kalipa ya Hilux inaleta nini hasa? Inaleta pedi kubwa zaidi, zilizokusudiwa gari zito linalobeba mzigo. Pedi kubwa inasambaza joto kwenye eneo pana, inakaa muda mrefu kabla ya kuisha, na inachelewa kulegea. Hiyo ni faida ya kweli. Ila angalia kilichobaki vile vile: diski. Ukifunga S12+8 bado unabana kile kile chuma chembamba cha milimita 12.5. Umeongeza meno ya kuuma, hujaongeza sufuria ya kupokelea joto.

Anayetaka sufuria kubwa anahamia kalipa nyingine ya Toyota, S12W, ambayo uwazi wake ni mpana wa kutosha kupokea diski yenye njia za hewa katikati. Kwa kawaida diski hiyo hutolewa kwenye Nissan 300ZX ya mwaka 1984 na kufungwa kwa spesa (kipande cha kujazia nafasi) kati yake na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hapo wepesi wa mfano wetu unakwisha. Sasa una kalipa ya Toyota, diski ya Nissan ya kizazi kingine, na kipande cha chuma kilichochongwa na mtu ambaye pengine humjui.

Chungwa kati ya viganja

Turudi kwenye kuhesabu pistoni, kwa sababu hapa ndipo uongo mwingi unapozaliwa.

Ukikanyaga pedali, masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) inasukuma mafuta, na mafuta hayo yanasukuma kila pistoni kwa presha ile ile. Nguvu inayotoka ni presha mara eneo la uso wa pistoni. Sasa bana chungwa kati ya viganja viwili. Kiganja cha kulia kinasukuma kwa nguvu ya kilo tano. Cha kushoto lazima kisukume kwa kilo tano pia, la sivyo chungwa linahama. Je, chungwa limebanwa kwa kilo kumi? Hapana, ni tano. Kiganja cha pili kazi yake ni kukataa kusogea.

Kalipa yenye pistoni pande zote mbili iko hivyo hivyo. Ukitaka kujua inabana kwa nguvu gani, unahesabu eneo la pistoni za upande mmoja tu. Na ile kalipa ya kawaida ya magari mengi ya leo, yenye pistoni moja na mwili unaoteleza juu ya pini, inafanya kazi ya kiganja cha pili kwa kujivuta yenyewe. Pistoni yake moja inahesabiwa kamili. Ndiyo maana mtu anaweza kutoa kalipa ya pistoni moja kubwa, akafunga ya pistoni nne ndogo ya kupendeza, akajikuta breki zimepungua nguvu. Yeye alihesabu nne. Kwa hesabu ya kubana ni mbili, tena nyembamba.

Tuweke tarakimu. Tuseme umepima pistoni ya kalipa yako ya zamani ukapata kipenyo cha milimita 54, na ile ya pistoni nne ina, kwa kila upande, moja ya milimita 43 na moja ya 34. Eneo la ya zamani kwa upande mmoja ni milimita za mraba 2,290. La mpya ni 1,452 na 908, jumla 2,360. Tofauti ni asilimia 3. Mguu wako hautaihisi. Na kama diski haikubadilika ukubwa, umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi pedi zinapobana nao ni karibu ule ule, kwa hiyo nguvu ya kuzuia gurudumu haijaongezeka popote.

Usione hilo kuwa ni habari mbaya. Eneo linapokaribiana hivyo, masta silinda ya kiwandani inaendelea kufaa, mwendo wa pedali haubadiliki sana, na uwiano wa mbele na nyuma haujavurugwa. Mbadala mzuri wa kalipa ni ule unaokuachia hesabu ya kiwanda karibu ilivyokuwa, kisha ukakuongezea pedi na uvumilivu wa joto. Anayetafuta kalipa yenye pistoni kubwa kuliko zote anatafuta matatizo ya kwenda nayo nyumbani.

Matatizo gani? Tuseme zote nne zingekuwa za milimita 43. Eneo la upande mmoja lingekuwa 2,904, asilimia 27 juu ya lile la zamani. Nguvu ya kubana inapanda, sawa. Lakini pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi kusogea umbali ule ule, na mafuta hayo yanatoka sehemu moja tu: chini ya mguu wako. Pedali inakwenda chini zaidi kabla ya kuuma. Mwenye gari anasema breki ni laini, fundi anatoa upepo kwenye mafuta mara tatu, na upepo haupo.

Hapo ndipo anapotokea mtu na ushauri wa masta silinda kubwa. Ya 240Z ina kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2, na wengi huweka ya 15/16, milimita 23.8. Pedali inapanda, inakuwa ngumu, mwenye gari anafurahi na kusema sasa breki zina nguvu. Hazina. Masta pana inasukuma mafuta mengi kwa mwendo mdogo wa mguu, lakini kwa nguvu ile ile ya mguu inatoa presha ndogo zaidi. Kutoka 22.2 kwenda 23.8 eneo limeongezeka kwa karibu asilimia 15, na mguu wako unatakiwa uongeze nguvu kwa kiasi hicho hicho ili upate presha ya mwanzo. Kinachompendeza ni ugumu. Wakati mwingine ndilo jambo sahihi la kufanya, pistoni za kalipa zikiwa zimekuwa kubwa kweli. Ila ijulikane kwamba umenunua mwendo mfupi wa pedali kwa kulipa nguvu.

Uzito wa gari kwenye bolti mbili

Kwenye 240Z na Hilux, matundu yamelingana. Kwenye mabadilishano mengine mengi hayalingani, na mtu anachongesha bamba la kuunganishia kalipa na gari. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo ikishindwa haitoi onyo.

Gari la kilo 1,100 likipunguza mwendo kwa nguvu zote tairi zinazoweza kushika, magurudumu ya mbele yanabeba robo tatu ya kazi. Kila gurudumu la mbele, tairi yenye nusu kipenyo cha sentimita 30, inapata nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni-mita 1,200. Nguvu hiyo yote inazuiwa na pedi zilizo kama sentimita 11 tu kutoka katikati ya habu. Gawanya: inatoka nyutoni 11,000 hivi. Huo ni uzito wa gari zima, na zaidi kidogo, unaoning'inia kwenye bamba moja na bolti mbili, upande mmoja. Upande wa pili vivyo hivyo.

Nimeona mabamba yaliyokatwa kwa gesi kutoka chuma cha geti. Mwenye gari alikuwa anajivunia kwamba hayakumgharimu chochote. Bamba linatakiwa lichongwe kwa mashine, kutoka chuma au aluminiamu ya daraja linalojulikana, nyuso zake mbili ziwe sambamba, na bolti ziwe zenye namba 10.9 kichwani, zikazwe kwa spana yenye kipimo. Bolti iliyokazwa sawasawa haibebi mzigo kwa kukatwakatwa. Inabana nyuso mbili kwa nguvu kiasi kwamba msuguano wa nyuso hizo ndio unaobeba. Ikilegea kidogo tu, kalipa inaanza kugonga mbele na nyuma kila unapokanyaga, na kutoka hapo bolti haina maisha marefu.

Bamba likiwa imara bado linaweza kukosea mahali pa kuiweka kalipa. Kalipa ya pistoni pande zote haitelezi kujirekebisha, kwa hiyo diski lazima ipite katikati yake kabisa. Ikiegemea upande mmoja, pistoni za upande huo hazisogei vya kutosha, zile za upande wa pili zinatoka nje mno. Hurekebishwa kwa washa nyembamba, na kazi yake ni ya subira: funga, pima kwa kipimo, fungua, ongeza, pima tena. Kimo nacho ni hivyo. Pedi ikichungulia nje ya ukingo wa diski, sehemu ile isiyogusa chuma haiishi. Inabaki kama mdomo, na siku moja inaanza kukwaruza ukingo. Ikikaa chini mno inagusa kofia ya diski katikati.

Kushoto si kulia

Hili lina kichekesho chake. Kuna gereji moja, jina nitaliacha, ambako walishinda siku nzima wakitoa upepo kwenye breki mpya za gari la mteja. Chupa tatu za mafuta ziliisha. Pedali ikawa laini kama mkate wa asubuhi. Jioni mmoja wao akainama na kuona kwamba kiskrubu cha kutolea upepo kimetazama chini.

Walikuwa wamefunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Upepo hupanda juu. Kiskrubu kikiwa chini, unachotoa ni mafuta tu, na upepo unabaki umekaa juu ya kalipa. Kosa hili ni rahisi kulifanya unapobadilisha aina ya gari, kwa sababu gari moja hufunga kalipa mbele ya ekseli na jingine nyuma yake. Ukiihamisha, ya kushoto inaweza kulazimika iende kulia ili kiskrubu kibaki juu. Wakati mwingine ndilo jibu sahihi.

Lakini si kila wakati. Kalipa yenye pistoni za ukubwa tofauti ina mpangilio: ndogo inakaa upande ambao diski inaingilia kwenye pedi, kubwa upande inaotokea. Pedi huvutwa na mzunguko wa diski, na upande wa kuingilia hupenda kuuma zaidi; ndiyo maana ukapewa pistoni ndogo, ili pedi iishe kwa usawa. Ukizigeuza, utaona pedi zimeisha kama kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kalipa ambayo kiskrubu kinataka upande mmoja na pistoni zinataka upande mwingine haifai gari lako, hata kama ulishailipia.

Paipu nazo zina mtego. Nati ya paipu ya breki ya Kijapani mara nyingi ni M10 yenye hatua (umbali kutoka uzi hadi uzi) ya milimita 1.0. Ya Kimarekani ni 3/8 ya inchi, nyuzi 24 kwa inchi. Kipenyo chake ni milimita 9.5, hatua yake 1.06. Zinakaribiana kiasi cha kudanganya mkono: moja itaingia kwenye nyingine mizunguko miwili mitatu, itakaza, itaonekana imeshika, kisha itavuja siku utakayokanyaga kwa nguvu. Umbo la mdomo wa paipu pia hutofautiana, na mdomo usiolingana na kiti chake hauzibi hata ukikaza mpaka nati ilie. Paipu ya mpira ipimwe usukani ukiwa umekatwa mwisho kushoto, kisha mwisho kulia, na gurudumu likiwa limening'inia. Isivutike, isisugue tairi.

Kalipa za mtumba zifunguliwe pistoni na kuwekwa sili mpya kabla ya kufungwa, bila mjadala. Pistoni yenye vishimo vya kutu itaichana sili mpya ndani ya wiki chache. Na si kila Hilux inayo kalipa unayoitafuta. Soma maandishi kwenye chuma, usisome sura ya pikapu.

Nyuma na kando

Rimu: chukua moja uliyonayo, ijaribu kabla ya kulipa. Kinachogusa si lazima kiwe ukingo wa ndani wa rimu. Mara nyingi ni mikono ya rimu upande wa nje, pale kalipa nene inapochomoza. Paka mshumaa kidogo juu ya kalipa, funga rimu, izungushe kwa mkono, uone panapokwaruzika.

Dramu za nyuma zinahitaji maneno zaidi. Ukiongeza nguvu ya mbele peke yake, magurudumu ya mbele yanafunga mapema huku ya nyuma yakiwa bado yana uwezo ambao haujatumika. Umbali wa kusimama unaongezeka. Naam, inawezekana kutumia pesa kwenye breki na gari likachelewa kusimama kuliko lilivyokuwa. Kinyume chake ni hatari zaidi: ukiweka diski kubwa nyuma bila kupima, ya nyuma ndiyo yatakayofunga kwanza, na gari ambalo nyuma yake imefunga kwenye kona hugeuka lenyewe kutazama lilikotoka. Kwa anayeng'oa dramu za nyuma za 240Z kuweka diski kuna jambo dogo linalosahaulika: kwenye njia ya mafuta ya dramu huwa kuna vali ndogo inayobakiza presha kidogo ili viatu vya breki visirudi mbali. Diski haziitaki. Ukiiacha, pedi za nyuma zinabaki zimegusa diski siku nzima. Na breki ya mkono ifikiriwe mwanzoni, si baada ya kalipa kununuliwa. Kalipa nyingi nzuri za mbio hazina mahali pa kuifunga kabisa.

Kwenye gari la kisasa mambo yanaongezeka mdundo mmoja. ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge) na mfumo wa kuzuia gari kuteleza vimepangwa kwa kiasi fulani cha mafuta na presha. Kompyuta haijui kwamba umebadilisha kalipa. Inaendelea kuamuru pampu kana kwamba za zamani zipo. Pistoni zikiwa na eneo linalokaribiana na la zamani, inavumilia. Zikiwa mbali, utakutana na tabia za ajabu hasa kwenye lami iliyolowa. Walioko Ujerumani wana kikwazo kingine: breki zilizobadilishwa lazima zikaguliwe na kuandikwa kwenye hati za gari, la sivyo gari halina ruhusa ya barabarani. Popote ulipo, bima nayo iambiwe.

Siku ya kwanza usiende barabara kuu. Gari likiwa juu ya stendi, kanyaga breki kwa nguvu uishikilie dakika nzima huku mwenzako anakagua kila nati kwa tochi. Likishushwa, tafuta uwanja mtupu. Punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, pedi zizoee diski, kisha endesha polepole zipoe. Baada ya hapo ndipo ujaribu kwa nguvu, kwenye changarawe kama inapatikana, ambako tairi hufunga kwa mwendo mdogo, mtu mmoja akisimama kando kwa mbali kuangalia ni magurudumu yapi yaliyofunga kwanza. Yakiwa ya mbele, na ya nyuma yakafuatia kwa karibu, endelea. Yakiwa ya nyuma, rudi gereji kwa gia ya pili.